Kijembe cha Deusi

Nina kibanda cha ushonaji pale Omurushaka, karibu na magari ya kwenda Kyerwa yanapopakia abiria. Jirani yangu huuza ndizi za pombe, na kila anapoteremsha zilizokwisha kuiva, harufu yake hunifikia kabla sijainua macho kwenye cherehani. Ni utamu uliochanganyika na moshi na udongo mbichi. Wateja wangu huipenda. Mimi hunifanya nikosee mshono, kisha nasingizia kichwa kinaniuma, maana siwezi kumweleza kila anayekuja kupunguza suruali habari za Deusi.

Deusi alikuwa mtoto wa shangazi yangu, aliyeolewa Bugomora, huko Kyerwa. Mumewe alitangulia kufa, na shangazi naye akamfuata, kwa ugonjwa ambao siku zile watu waliutaja kwa kuzungukazunguka. Tulikwenda msibani familia nzima. Mimi nilikuwa na miaka tisa, Deusi sita. Watoto tulifungiwa jikoni tukapewa viazi ili tusione maziko, lakini ukuta ulikuwa wa fito, na Deusi alibandika jicho kwenye upenyo. Alimwona mama yake akiingizwa shimoni katikati ya migomba, akafukiwa, kisha wazee wakatandaza majani makavu ya migomba juu ya udongo ili mvua isiuchimbe. Alipouliza, mama yangu alimpakata akamwambia mama yake amelala, akipona atatoka. Alisema hivyo kwa huruma. Ndivyo watoto walivyokuwa wakiambiwa.

Tulirudi naye Igurwa, kwa baba yangu, ambaye kwake alikuwa mjomba, na haukupita muda nyumba ikavurugika. Alikojoa kitandani, na kitanda chenyewe tulilala watatu, mimi na yeye na dada Adela, kwa hiyo asubuhi hakuna aliyeamka mkavu. Siku katekista alipokuja kututembelea, Deusi alimng'ata mkono, tena ule aliounyoosha kumbariki, mpaka baba akaishiwa na maneno ya kuomba radhi. Kusalimia hakutaka kabisa, na kwetu mtoto asiyetoa shikamoo huaibisha nyumba nzima. Akikasirika alijigonga kichwa ukutani, na akitulia alinyamaza hadi jioni. Jirani mmoja alisema ana pepo. Mwingine alisema amedekezwa na mama mgonjwa. Mama alimpeleka kuombewa, baba akaongeza fimbo, na Deusi akabaki yuleyule.

Tena alikuwa mtoro. Alikuwa akitoweka ghafla, na kila mara alikutwa kwenye njia iendayo barabara kuu, amebeba kijembe cha mama cha kupalilia maharage, kile chenye mpini mfupi. Baba aliamini anakwenda kukiuza. Tulikificha, akakipata. Tulikificha tena, akakipata tena. Mama alitania kwamba mtoto huyu ndiye mtu pekee nyumbani anayependa jembe, nasi tukacheka.

Kitu kimoja tu kilimtuliza, nacho ni shimo la ndizi. Baba alisifika kwa rubisi yake, pombe ya ndizi, na rubisi huanzia shimoni. Shimo huchimbwa pembeni mwa kibanja, shamba la migomba la nyumbani, likapashwa moto kwa majani makavu, ndizi mbichi zikapangwa ndani, zikafunikwa kwa majani ya migomba na udongo juu. Siku zake zikitimia hufukuliwa, zikatoka za njano na laini, tayari kukamuliwa. Mara ya kwanza Deusi alipoona shimo linafunuliwa alicheka kwa sauti. Hatukuwa tumewahi kumsikia akicheka. Jioni ile alinifuata kisimani.

"Dada, zinakaa siku ngapi mle?"

"Sita hivi."

"Halafu zinatoka?"

"Zinatoka, tena tamu."

"Zote?"

"Zote," nikamjibu kama mtu aliyesomea kazi hiyo. Nilikuwa kitinda mimba, sijazoea kuulizwa jambo, na siku ile nilijiona mkubwa.

Ikafika harusi ya dada Adela. Baba alichimba shimo kubwa kuliko yote aliyowahi kuchimba, maana wakwe walikuwa wengi na alikwisha kujigamba kwao kwamba watakunywa hadi waombe poo. Siku tatu baada ya kufukia, mchana, mama alitoka kuchuma majani ya kufunikia chungu akapiga yowe. Shimo lilikuwa wazi. Majani yalitupwa huku na huko, na Deusi alikuwa amekaa ndani, kijembe miguuni, ndizi ya kijani mkononi, analia.

"Bado," alikuwa akisema. "Bado ni mbichi."

Baba alimchapa mbele ya majirani waliokuja kusaidia. Deusi hakuomba msamaha wala hakujaribu kukimbia. Ndizi zilikuwa zimeingiwa na baridi, hazikuiva sawasawa, na kwenye harusi ya binti yake baba aliwakaribisha wakwe kwa pombe ya kuomba kwa watu. Lilimuuma sana. Wageni walipoondoka alisema mtoto huyu hawezi kulala tena nyumbani kwake, aende kwa ukoo wa baba yake Kyerwa akachunge ng'ombe. Mama alimsihi, akapiga magoti, akamkumbusha kwamba huyo ni damu ya dada yake mwenyewe. Baba hakubadilika.

Tulimsindikiza hadi Omurushaka. Tulitegemea vurugu, lakini alipanda gari kwa utulivu. Aliuliza swali moja tu, kama gari litapita Bugomora. Baadaye tulisikia kule nako amefukuzwa, kwamba amekutwa na mambo ya kichawi, na kwamba anahamishwa kutoka nyumba moja hadi nyingine. Baba alisema si mnaona. Sote tuliona kwamba baba alisema kweli.

Mwaka jana tulimzika baba. Deusi alikuja, mwanamume mrefu, fundi mwashi sasa, akiwa na mke mpole. Aliwasalimia wazee wote mmoja mmoja. Tulipokwisha kufukia, kitinda mimba wangu, mwenye miaka mitano, alinivuta kanga akauliza babu yuko wapi. Nikafungua mdomo nimwambie babu amelala. Deusi alichuchumaa mbele yake kabla sijamaliza.

"Babu amekufa," akamwambia taratibu. "Wamemweka humu, na hatatoka. Ukitaka kulia, lia, mimi niko hapa."

Mwanangu alilia, Deusi akamshika mpaka akachoka. Kisha alisimama akaniangalia, na nadhani aliona usoni mwangu kwamba kuna kitu kimeanza kunifikia.

"Nilikuwa nahesabu siku, dada," akasema. "Nikaona za mama zimepita, na hakuna anayekwenda kumtoa."

Nikamuuliza kama aliwahi kufika. Akasema ndiyo, alipokuwa kule kwa baba zake wadogo. Alipata jembe, akaenda Bugomora, akachimba mpaka watu wakamkuta kaburini. Ndipo wakamwita mchawi. Alikuwa na miaka saba.

Nililia kuliko nilivyomlilia baba, na watu wakadhani ni kwa ajili ya baba. Namsikitikia hata baba, kwa sababu alimpenda dada yake na angetupa fimbo ile kama angejua anampiga mtoto kwa kosa la kumtafuta. Nalisikitikia lile neno "zote" nililolitamka kisimani nikiwa nimevimba kichwa. Mtoto hawezi kulaumiwa kwa neno kama hilo, najua. Bado linanichoma.

Siku hizi shuleni kwa mwanangu akitajwa mtoto anayeng'ata wenzake au kutoroka, wazazi huniuliza kwa nini nakuwa mkali wakisema achapwe. Huwaambia tu kwamba nilikuwa na ndugu wa namna hiyo. Nyumbani kwetu tulikuwa watu wanne wenye akili timamu, tukamnyang'anya kijembe kila alipokichukua, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza anakwenda kuchimba nini.