Antena Ndani ya Eda

Waliosimamisha turubai la msiba ndio walioangusha antena yetu. Ilikuwa juu ya mlingoti uani, na mume wangu ndiye aliyekuwa akiuzungusha. Yeye nje anauliza, "Tayari?" Mimi ndani najibu, "Bado! Rudisha kidogo!" Miaka yote tuliangalia televisheni ya bure kwa kupigiana kelele namna ile.

Alipofariki nikakaa eda hapo hapo nyumbani, Makorora: miezi minne na siku kumi bila kutoka. Wifi yangu, dada wa marehemu, akaja kukaa nami.

Siku moja mwenzake mume wangu, aliyekuwa akiuza naye machungwa Muheza, akanipigia simu. "Shemeji, kile kipindi chetu kinatoka Alhamisi, baada ya alasiri."

Nilikuwa nimekisahau. Watu wa televisheni ya hapa kwetu waliwahi kwenda Muheza msimu wa machungwa, wakamhoji mume wangu mbele ya fungu lake. Jioni ile alinisimulia majibu yake yote, akarudia, mpaka nikamwambia aache kujisifu, ale. Picha zake ninazo, lakini zote kanyamaza.

Nikamwagiza wifi antena ya ndani. Akaleta kidude chenye masikio mawili na kitako chepesi, ukikisimamisha kinaanguka.

"Sijapata kuona mjane anakaa eda na rimoti mkononi," akasema.

Sikumwambia sababu. Kusema kweli, nilitaka nimwone mume wangu peke yangu kwanza.

Alhamisi nikaanza mapema. Juu ya kabati, hakuna mawimbi. Juu ya friji, hakuna. Juu ya ndoo iliyofunikwa, ikaja sura ya mtu iliyokatika vipande, ikaganda, ikapotea. Nilikitukana kile kidude matusi ambayo sikuwahi kumtukana mtu. Mwisho nikagundua kwamba kinashika dirishani tu, tena kikishikwa kwa mkono, kimeinuliwa. Na ukisimama pale dirishani, kioo cha televisheni hukioni.

Ikabidi nimwombe wifi.

"Haya, na mimi leo nimekuwa mlingoti," akasema, lakini akashika. "Tayari?"

"Bado. Juu kidogo."

"Mkono unauma, bibi we! Unatafuta nini humo?"

"Shika tu."

Picha ikaja. Soko la Muheza, magunia, kisha bega lenye shati la bluu, na mkono wa kulia umeshika chungwa. Sauti yake ikasema, "Chungwa letu sisi..."

Wifi akaisikia. Akapiga ukelele, akaitupa antena, akaja mbio mbele ya televisheni. Alipofika, kioo kilikuwa cheusi.

"Rudi!" nikampigia kelele. "Rudi ushike!" Alirudi, akainua, akageuza huku na huku. Picha iliporudi, alikuwa mwanamke anauza nazi.

Wifi akakaa chini. "Umemwona?"

Ningeweza kusema ndiyo. "Nimeona bega na mkono. Uso haukufika."

"Ulijua kuwa atatoka?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

Nikamwambia kwamba nilitaka nimwone peke yangu.

"Ungeniambia, ningeifunga hiyo antena dirishani," akasema. "Ningeifunga kwa kanga tangu asubuhi, mwanamke wewe, tukakaa wote wawili."

Akainuka, akachana kanga yake kuukuu, akaifunga antena kwenye nondo za dirisha, juu kabisa, kwa mafundo matatu. Picha ikatulia, safi, haina hata doa. Alikuwa mtu anasoma hali ya hewa. Tukamwangalia mpaka akamaliza, na hakuna aliyegusa rimoti.