Kapteni wa Kwanza na Kapteni wa Sita

Ukinikuta mjini Kakamega na mtu akaniita "Kapteni" kutoka ng'ambo ya barabara, utaniona nikiinama kama mtu anayefunga kamba za viatu, hata nikiwa nimevaa ndara, na ukiniuliza kwa nini, sitakuambia hapo barabarani. Lakini kwa kuwa tumekaa na chai imeshamiminwa, acha niseme mwenyewe kabla hamjaonyeshwa ile video, maana kwenye video naonekana mbaya zaidi kuliko nilivyokuwa (na nilikuwa mbaya).

Ilianza jioni moja, jikoni kwangu. Mimi nauza vipuri vya pikipiki, na siku hiyo nilifunga duka mapema kwa sababu ya mvua, nikaingia kwa mlango wa nyuma nikiwa nimevua viatu ili nisichafue sakafu, kwa hivyo mke wangu Nekesa hakunisikia. Alikuwa anasonga obusuma, simu ameiegemeza kwenye debe la unga, vidude vya kusikilizia masikioni, anaongea na mtu na kucheka. Ningesema tu "nimefika", neno moja, na leo hii msingekuwa na cha kucheka. Badala yake nikasimama nyuma ya pazia.

"Hapana bwana," akasema, "Kapteni wa kwanza hana mpinzani. Alinitesa, lakini kila nilichopata kwake nilikitolea jasho."

Mtu wa upande ule akajibu kitu. Nekesa akacheka tena, kile kicheko chake cha kuinamisha kichwa.

"Wa sita ni sura tu. Anapendeza, sikatai, lakini anakuongoza kila hatua, hakuachi hata upotee kidogo. Ukimaliza naye unajiuliza, ni hayo tu?"

Sasa niambieni nyinyi. Mimi na Nekesa tulikuwa hatujamaliza hata miaka mitatu ya ndoa. Kama wa kwanza ni kapteni, na wa sita ni sura tu, mimi ni wa ngapi? Nilijiangalia kwenye kioo cha dirisha, nikaona kwamba huyo wa sura hawezi kuwa mimi, kwa hivyo niko kati ya wa pili na wa tano, wale ambao hawakutajwa hata kwa ubaya, na sijui kama kuna kitu kinachomuuma mwanamume kuliko kutotajwa.

Nikatoka nje polepole, nikavaa viatu, nikazunguka nyumba kwenye mvua, nikaingia kwa mlango wa mbele.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Mtu wa nyumbani," akasema, akageuza sima kwenye sahani.

Kwao ni Lumakanda, na Lumakanda ina watu wengi.

Tangu hapo kila kitu kikawa ushahidi. Akinunua blauzi, ushahidi. Akiweka simu kifudifudi mezani, ushahidi. Alisomea chuo cha Sigalagala kabla hatujajuana, na mimi nikaanza kuwachunguza wanaume wote waliosomea Sigalagala kana kwamba ni kosa. Kuna nahodha wa timu moja ya mpira ya hapa mjini ambaye hununuanga cheni kwangu, kijana mpole tu, na siku moja mwenzake akamwita "Kepi" mbele ya kaunta yangu. Nikamwambia cheni zimeisha. Cheni zilikuwa zinaning'inia nyuma ya kichwa changu. Akaziangalia, akaniangalia, akaenda zake.

Kisha Nekesa akaniambia ana mkutano mjini Jumamosi. "Wa nini?" nikamuuliza. "Nitakueleza siku hiyo hiyo," akasema, na akatabasamu, na lile tabasamu likanimaliza kabisa.

Hapo ndipo nilipompigia Senje Agneta, dada ya baba yangu, anayekaa Navakholo. Senje ameamua kesi za ndoa za ukoo mzima na hakuna ndoa iliyotoka kwake ikiwa tulivu kuliko ilivyoingia, hilo nilikuwa nalijua, lakini mtu akishikwa na wivu hatafuti shauri jema, anatafuta mtu wa kukubaliana naye. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Usiurize. Ukiuriza atakupanga kwa maneno. Fuata."

Jumamosi alikuja kwa pikipiki mapema, amefunga kitambaa kichwani kama mtu anayeenda matangani. Nekesa alipotoka, tukamfuata kwa mbali. Njiani Nekesa alinipigia simu mara mbili, na mara zote mbili sikushika. Senje alisema anataka tu kujua niko wapi. Mimi nikaona Senje ana akili sana.

Nekesa akaingia jengo moja lenye duka la mbegu chini na ukumbi mdogo juu. Tukangoja kidogo, tukapanda ngazi, tukasimama nje ya mlango. Ndani kulikuwa na watu wengi, na sauti ya mke wangu ilikuwa inatoka kwenye spika.

"Mimi kwa wa sita bado nina mashaka," alikuwa anasema. "Lakini sasa nataka mumsikie mtu ambaye nilianza naye Kapteni wa kwanza, tukiwa wawili tu, tukiwa wadogo."

Watu wakapiga makofi. Sauti ya mwanamume ikasema, "Nekesa, nimekukosa sana."

Nikausukuma mlango.

Ukutani kulikuwa na uso wa mwanamume mwenye ndevu, mkubwa kama mlango wa gereji, na chini yake amesimama mke wangu na kipaza sauti mkononi, akimtazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona. Nikapita katikati ya viti, nikasimama mbele, nikamnyooshea kidole yule mtu wa ukutani.

"Wewe ndiye Kapteni? Huyu ni mke wa mtu. Hata kama wewe ulikuwa wa kwanza, mimi ndiye wa mwisho."

Na Senje, nyuma yangu, akaongeza, "Na ng'ombe tulipeleka."

Yule mwenye ndevu akasogea karibu na kamera yake mpaka pua ikajaa ukuta.

"Nekesa," akauliza, "huyo ndiye shemeji?"

Kijana mmoja mwenye kamera, ambaye baadaye nilijua anaitwa Kevo na ndiye aliyeandaa mkutano, akanisogelea na kusema kwa upole, kama anayemtuliza mgonjwa, "Buda, Kapteni ni gemu. Ziko sita. Leo tunalinganisha ile ya zamani na hii mpya. Na tuko hewani."

Nikageuka. Nyuma yangu kulikuwa na bango lenye mchoro wa mtu wa kofia ya nahodha, anayetafuta hazina kwenye visiwa vilivyozama; upande mmoja amechorwa kwa vijisanduku, huwezi kujua pua ni ipi, upande wa pili anang'aa kama mtu aliyepigwa picha ya harusi. Na yule mwenye ndevu alikuwa Wafula, kaka ya mke wangu, aliyeenda kazi Uarabuni kabla hatujaoana. Nilimjua kwa picha moja tu, akiwa kijana mwembamba asiye na hata unywele mmoja kidevuni.

Nilitaka kurudi nyuma, nitoweke. Mguu ukanasa kwenye waya. Ukuta ukazimika.

Ndipo mzee mmoja wa mstari wa mbele alipovua kofia na kunigeukia, na nikamtambua baba mkwe wangu. Hakupandisha sauti.

"Mkwe, kaa chini," akasema. "Mwanangu alikuwa anaongea."

Kando yake kulikuwa na kiti kitupu, hicho ndicho nilichokalia. Senje alikuwa ameshashuka ngazi. Walijaribu kumrudisha Wafula lakini haikuwezekana, ruhusa aliyoiomba kazini ilikuwa fupi na ilikuwa imekwisha. Mzee alikuwa hajauona uso wa mwanawe tangu alipopanda ndege, na alimwona kwa muda ule mfupi tu kabla sijaingia.

Tukirudi nyumbani Nekesa alitembea mbele yangu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Siku ile jikoni nilikuwa naongea naye, na hatukuwa na uhakika kama atapewa ruhusa. Hata Baba aliambiwa tu aje mjini. Nilipojua ni hakika nikakupigia, mara mbili. Kile kiti kilikuwa chako."

Siku chache baadaye nilikwenda Lumakanda kuomba radhi, na ingokho mbili, yaani kuku, bila Senje. Mzee alizipokea, akanisamehe kwa maneno machache, na mama mkwe hakutoka chumbani mpaka nilipoondoka, na sikuwa na haki ya kulalamika.

Ilichukua muda kabla Wafula hajapata nafasi nyingine. Alipopiga, tulikuwa wote kwa mzee, na mimi niliinuka nitoke nje, lakini Wafula akasema, "Shemeji, baki, hukunisikia nikimaliza." Akaeleza. Kapteni wa kwanza walikuwa wanacheza kwa kidhibiti kimoja, yeye na dadake, kila mmoja anangoja mwenzake afe ndipo apewe zamu, na ramani walichora wenyewe sakafuni kwa makaa, na ndiyo maana Nekesa hawezi kumpenda mwingine. "Lakini huyu wa sita," akasema, "mnaweza kucheza wawili, mmoja yuko huku na mwingine yuko Kakamega. Sura sijali. Mimi nachagua huyo."

Nekesa, ambaye hashindwi kuhusu jambo hilo na mtu yeyote, alifuta macho na hakubisha.

Basi nimeapa. Sisikilizi tena maneno nusu, na nyumbani kwangu mwenyewe, mlango wa mbele au wa nyuma, mvua inyeshe isinyeshe, nabisha hodi. Majirani wananicheka. Wacha wacheke.