Valvu ya Boila ya Kitisuru

Fleti zote za kompaundi ile ya Kitisuru zilipata maji moto kutoka boila moja kuukuu. Niliitwa nifunike mabomba, joto lisipotelee njiani. Valvu ya usalama, ile inayotoa presha ikizidi, ilikuwa ikivujisha mvuke. Kwetu mafundi kinachovuja ni aibu, basi nikaiziba kwa plagi ya chuma. Ujuaji mtupu.

Asubuhi iliyofuata nikakuta boila inanguruma, mshale wa presha umepita alama nyekundu. Nilizima moto, nikataka kukimbia, nikashindwa. Nilisimama pale nikiomba ipoe.

Dirisha la bafu lilikuwa juu ya kichwa changu. Mama aliyekuwa akiogesha mtoto akachungulia.

“Fundi, asante. Leo maji ni moto kweli.”