Bangili Iliyonyimwa Moto

Nilimaliza darasa la saba, halafu mtihani ukanimaliza mimi. Fomu wani nikabaki kuiona kwa soksi ndefu za watoto wa wengine. Mathe, mama yangu, akanipeleka Shauri Moyo kwa mzee mmoja fundi wa bangili na pete za shaba. Kibanda chake kilikuwa kimeegemea choo cha kansol, ile ya jiji. Harufu hatukulipia.

Miezi minane kazi yangu ilikuwa mvukuto na msasa. Napuliza makaa, nasugua bangili mpaka naona meno yangu ndani yake. Nyundo nilikuwa naiangalia tu, kama bibi ya mtu. Fundi hakuwa na maneno mengi, lakini moja alirudia kila siku: "Shaba ukiigonga inachoka. Ikichoka, ipe moto ipumzike."

"Na wewe mzee ukichoka, tukulaze kwa makaa?"

Akanirushia jivu.

Sisi tulikuwa tunakaa Huruma, chumba moja, mimi na mathe. Yeye alikuwa na bangili ya shaba, nene kama kidole changu cha mwisho. Alivishwa na mama ya baba yangu siku ya kuolewa, na huyo naye alivishwa na mama mkwe wake. Kwetu hiyo kitu haitoki mkononi mpaka umpate bibi ya mtoto wako, umvishe ikiwa nzima. Mtoto wa kiume nilikuwa peke yangu. Kwa hivyo bangili ilikuwa inangoja bibi yangu, popote alipokuwa amejificha.

Halafu mkono wa mathe ukavimba. Bangili ikazama kwa nyama. Sista wa zahanati akasema ikatwe na msumeno.

"Afadhali ukate mkono," mathe akamwambia.

Akawa anafulia watu nguo na mkono mmoja. Hapo ndipo mdomo wangu ukajiingiza. "Mathe, si niko? Mimi ni fundi. Naipanua kidogo tu."

"Fundi wa nini? Wa kupuliza?"

"Nipe leo, kesho unaivaa."

Aliniangalia sana. Tukapaka sabuni, tukavuta mpaka ngozi ikatoka. Pale bangili ilikuwa, mkono ulibaki na mfereji.

Asubuhi nikamwonyesha fundi, lakini alikuwa anaenda Gikomba kutafuta mifereji mibovu ya maji na nyaya za stima, atoe shaba. Akasema, "Ngoja nirudi, tutaifanya pamoja." Akaondoka. Makaa yalikuwa yamezima, na kuwasha ni kazi. Nikaivisha bangili kwa ile ekseli ya lori tuliyotumia kama fuawe, nikashika nyundo.

Mwanzo ilikubali, laini kama unga wa chapati uliokandwa. Mama wauza mitumba wa hapo kando wakaniona.

"Ala! Leo kijana amepandishwa cheo!"

"Pangeni laini, mama zangu. Leo sitaki kusukumwa."

Wakacheka. Nikagonga na madoido. Halafu sauti ikageuka, ikawa kali, kama kengele ya shule. Niliisikia. Miezi minane nilikuwa nimekaa karibu na hiyo sauti, nilijua ni shaba inasema imechoka. Lakini niwashe moto na watu wananiangalia? Nikagonga mara moja tu ingine.

Ta.

Fundi aliporudi aliigeuza, akaangalia ufa. "Uliipa moto?"

Nikaenda kuwasha makaa. Akaiziba na risasi ya kuyeyushwa, lakini mstari mweupe ukabaki, kama kovu.

Mathe alipitisha kidole hapo. "Hii siwezi kumvisha mtoto wa watu." Akaifunga kwa leso, akaiweka chini ya godoro. Hakunitukana. Nilingoja anitukane, wapi.

Wiki mbili baadaye uvimbe wa mkono ukashuka wenyewe.

Fundi naye hakunifukuza. Alinipa nyundo. "Sasa umejua," akasema. Nikatengeneza ingine, unene ule ule, kila ikianza kulia narudisha kwa moto. Ilinichukua mwezi mzima. Nikaipeleka nyumbani.

Mathe akaivaa. Akaizungusha, akaweka mkono kwa mwanga wa dirisha. Halafu akaitoa, bila sabuni.

"Nzuri," akasema. "Kaiuze."

Nikaiuza siku hiyo hiyo, kwa njia ya Gikomba. Ndiyo yangu ya kwanza kununuliwa. Tangu hapo watu wananiita fundi, na mimi naitika.