Masanduku ya Baridi Yaliyokawia Mwenga

Nyii, kisha pwa. Kifuniko cha sanduku ya baridi kililia hivyo kila nilipokisukuma kwa viganja viwili: kwanza mpira wake unalalamika, kisha pumzi inatoka, sanduku linanyamaza. Mpaka leo nikisikia mulango unaofungika vizuri, ninarudi moja kwa moja katika ile depo, ghala la dawa la mtaa wa Muhumba, mikono yangu ikiwa baridi, na harufu ya petroli ya frigo, lile jokofu letu la chanjo, ikiwa katika nguo zangu.

Niliingia kazi pale nikiwa musichana mudogo. Masomo yangu hayakufika mbali, kwa maana ugonjwa ulimwachisha baba kazi, lakini nilijua kusoma majina ya dawa na kufunga kartoni. Nilikuwa mutu wa kucheka na wa kuota. Nikifunga kartoni ya kwenda Mwenga, nilijiona nimeketi juu yake, ninapita katika misitu, ninapokelewa kwa vigelegele. Maman Chef, mama aliyeongoza depo, akiniona nimesimama na kamba mukononi, aliuliza tu: "Umefika wapi sasa?"

Yeye alikuwa amesomea mambo ya dawa, na alipenda kufundisha akiwa anapanga rafu. Siku zangu za kwanza alinisimamisha katikati ya depo.

"Mutoto yangu, hapa dawa iko na safari. Iko ya kuingia: kamyo inatoka Uvira, inapita Sange, inapanda milima mpaka hapa, chanjo inakuja na ndege. Iko ya kulala: kartoni inalala juu ya rafu, na ile iliingia ya kwanza njo itatoka ya kwanza, hata kama ile mupya iko karibu na mukono yako. Iko ya kutoka: Nyantende kwa miguu, Mwenga kwa kamyo. Unasikia?"

"Ninasikia, Maman."

"Na ya ine?"

Nilitazama rafu, nikatazama dari. "Ya ine ni ya mapumuziko?"

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Ya kurudi! Masanduku, chupa za barafu, dawa zenye zimepita wakati wao. Kama vitu havirudi, siku moja utakuwa na chanjo ndani ya frigo, na hauna kitu ya kubebea."

Sikuitilia maanani ile ya ine. Katika ndoto zangu vitu vilikwenda tu.

Hata hivyo, ndiyo iliyokuwa tamu zaidi mdomoni. Masanduku hayakurudi matupu kutoka Mwenga. Ndani yake, kando ya zile chupa bapa za plastiki tulizokuwa tunagandisha maji ili chanjo isipate joto, tulikuta asali, au mafuta ya mawese katika kichupa kilichozibwa kwa jani. Disipanseri moja, zahanati ya kule juu, karibu na mahali watu wanachimba zahabu, ilituma karanga kila mara. Maman Chef alinung'unika kwamba sanduku ya chanjo si kikapu ya soko, kisha yeye mwenyewe alichota konzi yake. Tulikula, tukatuma sifa kwa kamyo iliyopanda, nikaosha sanduku kwa sabuni na kulianika juani. Hatukuwaza zaidi.

Halafu ukaja mwaka wa mvua isiyokata. Barabara ya Mwenga ikawa tope, kamyo zikalala njiani. Asubuhi moja shofere aliyekuwa anabeba mizigo yetu aliingia depo. Alikuwa mzee mwenye sauti nene, tuliyemwita Papa, ambaye siku zote aliniamkia kwa kunichokoza: "Citoyenne, mwananchi wetu, bado hujapata bwana? Unangojea wa ndege?" Siku ile hakunichokoza. Alivua kofia.

"Maman Chef, kule juu surua imeingia. Munganga wa ile disipanseri ya karanga anasema batoto banaanguka. Anaomba chanjo, mbio."

"Chanjo ipo," Maman Chef akajibu, akiwa tayari amesimama. "Iliingia juma lililopita. Lete masanduku," akaniambia.

Nilikwenda nyuma. Palikuwa na sanduku moja tu, lile lililopasuka kifuniko. Mengine yote yalikuwa yamepanda Mwenga, na hakuna lililoshuka. Nilirudi nikiwa nimelikumbatia lile moja, na macho ya Maman Chef yakaniambia kwamba ameelewa kabla sijafungua kinywa.

"Yako wapi?" akamgeukia shofere. "Papa, yako wapi masanduku yangu? Wanatia pombe ndani? Wanauza?"

"Hapana, Maman. Niliyaona na macho yangu. Yako juu ya kabati ya munganga, yameoshwa, yamefunikwa na kitambaa."

"Na haukubeba?"

"Nilimuomba. Akasema: bado, Papa, ngoja kidogo. Mara ile ingine pia: ngoja kidogo."

"Angoje nini? Batoto wake wanakufa, na yeye anaweka masanduku kama picha ya arusi!"

Mimi nilifungua frigo, nikatazama vichupa vya chanjo vilivyopangwa safi. Frigo ilikuwa imejaa, na ile furaha yangu ya kuona rafu zimejaa haikuja. Nilijaribu kujiona juu ya kartoni nikifika kule, na kwa mara ya kwanza sikusikia vigelegele.

Kamyo ilikuwa inangoja kupakia sukari na chumvi ya mwenye mali, kwa hiyo shofere akabaki kula nasi. Maman Chef alifungua chakula chake, bukari na sombe, yaani ugali na majani ya muhogo, kikiwa katika sahani ya buluu yenye maua. Shofere akajaribu kulegeza roho zetu.

"Maman, ile sahani ninaijua. Si ya jirani yako, ule mwenye kuuza mikate? Iko kwako tangu lini?"

"Acha, Papa. Alinileteaka samaki ndani, wakati mutoto wangu alikuwa mugonjwa."

"Na sasa umeirizi, imekuwa yako!"

"Nitairudisha namna gani, tupu? Hakuna mwenye anarudishaka sahani ya mutu tupu. Ninangoja nipate kitu ya kutia..."

Mukono wake ulibaki hewani na tonge lake. Shofere aliacha kutafuna. Mimi nilikuwa ninatazama ile sahani, na nilikumbuka karanga, asali, mawese, sifa zetu.

"Mungu wangu," Maman Chef akasema polepole. "Hawana kitu ya kutia."

Shofere akainamisha kichwa. "Mvua iliozesha karanga zote, Maman. Na wanaume wameingia kwenye mashimo ya zahabu, mashamba yamebaki na bamama peke yao. Kule hakuna hata ya kula."

Hakuna aliyeendelea kula. Sisi tuliosifu karanga, tuliwafundisha kwamba sanduku letu ni sahani ya jirani. Na kwao, kama kwetu, sahani ya jirani ina heshima yake.

Maman Chef aliosha mikono. "Papa, uwaambie hivi: mutume masanduku tupu, haina neno."

"Mimi siwezi kusema vile," shofere akajibu, na sauti yake nene ikawa ndogo. "Nitasimama mbele ya batu, niwaambie ninajua ni maskini? Munganga atanipa masanduku, ndiyo. Lakini hatanitazama tena machoni."

"Sasa tufanye nini? Tuache batoto kwa sababu ya haya?"

Nje, mtu alikuwa anagonga robine yetu kwa jiwe, akitumaini itatoa maji. Ilikuwa imekauka tena, kama ilivyokuwa desturi yake. Maman Chef akasikiliza ule mulio wa jiwe juu ya chuma.

"Waambie tunaomba maji," akasema. "Wajaze zile chupa za barafu na maji safi ya muto wao, watie ndani ya masanduku, watutumie. Hapa kwetu robine imekauka, tunashindwa kugandisha." Hakupenda uongo, kwa hiyo akaongeza: "Na si uongo."

Shofere akavaa kofia yake. "Hiyo nitasema."

Tulijaza lile sanduku moja kwa chupa chache za barafu zilizobaki katika frigo na chanjo zilizoweza kuingia. Kifuniko kilichopasuka nilikifunga kwa mpira wa chamburere, ule wa ndani ya tairi la baisikeli, nikizungusha na kukaza mpaka vidole vikauma. Hakikulia nyii wala pwa. Kamyo ilipopinda kona, nilibaki barabarani, nikiomba ule mpira usilegee.

Siku za kungoja zilikuwa ndefu. Nilipanga rafu zilizokuwa zimepangwa. Kila kamyo iliyonguruma niliikimbilia na kitambaa cha vumbi mukononi. Maman Chef hakuniuliza tena nimefika wapi. Nadhani sote wawili tulikuwa pahali pamoja.

Kamyo ilirudi asubuhi, imepakwa tope mpaka kwenye vioo. Shofere alishuka bila neno, akafungua turubai nyuma. Masanduku yetu yote yalikuwa pale, yamepangwa, yamefungwa kwa kamba za migomba. Nilifungua la kwanza: chupa zimejaa maji mpaka shingoni, maji meupe kabisa, katika moja kulikuwa na jani dogo linaelea. Nilicheka kwa sauti. Ndipo nilipouona uso wa shofere.

"Papa?" Maman Chef akauliza.

"Chanjo ilifika ikiwa baridi. Batoto wa upande wa muto penye disipanseri walipata. Wa ng'ambo hawakupata, ilikuwa imekwisha. Ng'ambo kule wamezika." Akaingiza mukono katika koti lake, akatoa kifurushi cha kitenge, kidogo kama ngumi. "Mama moja wa ng'ambo alivuka kuleta hii. Mutoto yake alikufa siku mbili mbele ya chanjo kufika. Alisikia masanduku yanarudi, akasema hayawezi kurudi hivihivi."

Ndani mulikuwa na karanga. Chache, ndogo, nyingine zimekunjamana. Labda zile alizokuwa ameweka kama mbegu. Maman Chef alizipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, kama mutu anavyopokea mbele ya mukubwa. Kisha akaenda kwenye baraza, akasimama akitazama ukuta wa nyumba ya pili. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na sauti ilikuwa ya kazi.

"Tugandishe. Kesho kamyo inapanda tena. Ng'ambo njo ianze."

Asubuhi iliyofuata nilifika kabla ya wote, nikafungua depo na funguo niliyopewa. Nilitoa chupa za barafu, zile za maji ya muto wao, zimekuwa ngumu kama mawe. Nilizipanga katika masanduku, nikaweka chanjo katikati, kama nilivyofundishwa. Karanga zilikuwa juu ya rafu katika kikombe; hakuna aliyeweza kuzila. Kile kipande cha kitenge Maman Chef alikuwa amekifua na kukianika juu ya kiti.

Nilikichukua, kilikuwa kimekauka. Nilikuwa nimetoka nyumbani na chumvi katika mfuko wa gauni, ile ya kwetu ya jikoni. Niliimimina katikati ya kitenge, nikafunga kwa fundo lilelile lililokuja nalo, nikakifunga kwenye mshikio wa sanduku la ng'ambo, upande wa nje, ili chanjo ibaki safi. Nikasukuma kifuniko kwa viganja viwili, nikangojea mpaka kikanyamaza.