Mwendo wa Fundi Viatu

Kibao cha mlangoni kiliandikwa VIUNGO VYA WANYAMA, na tangu kitundikwe hakuna juma lililopita bila mtu kuchungulia akiulizia mdalasini. Ndiyo maana mwenye chumba kile, mama wa makamo mwenye viganja vipana kama sinia, aliitwa Bi Viungo, na jina likamganda. Kazi yake ilikuwa kuwarudishia wanyama wa nyumbani miguu yao: paka walioanguka kutoka juu ya paa, mbwa waliogongwa na pikipiki, vikongwe ambao nyonga zimewagomea. Aliwakanda, akawanyoosha, akawatembeza ndani ya tangi la kioo lenye maji ya uvuguvugu, mkanda ukizunguka taratibu chini yao na maji yakibeba uzito ambao mifupa imeukataa.

Alikuwa na desturi moja iliyomchekesha daktari wa chumba cha pili. Kabla ya kumgusa mgonjwa alimtazama akitembea, kisha naye akatembea vilevile. Alikibeba kilema cha mwenzake ukumbini, huku na huko, mpaka mwili wake mwenyewe umwambie panapouma.

"Leo sisi ni nani?" daktari angeuliza.

"Leo sisi ni paka wa mwenye duka," angejibu, akichechemea bila haya.

Jioni alirudi nyumbani na mabaki ya mwendo huo. Mama yake, ambaye nuru ya macho ilimtoka zamani na masikio yakarithi kazi, alishazoea.

Kisha akaletwa Karani, mbwa mkubwa wa kahawia. Mwenye kumleta alikuwa mjane, mumewe hajamaliza hata mwaka kaburini. Tangu mazishi, mbwa alianza kuutupa nje mguu wa nyuma wa kushoto, akauburuta, akatua kidogo, ndipo akaendelea. Picha ya mifupa ilikuwa safi. Lakini mguu wa kulia, uliobeba mzigo wa wawili, ulikuwa umeanza kuchakaa, na daktari hakuzunguka mbuyu: mwendo ule usipoachwa, Karani ataanguka asiinuke, na hapo itabaki sindano ya kumlaza moja kwa moja.

Bi Viungo akatoka hadi ukumbini kuuvaa mwendo. Hatua, buruta, kituo. Ulikuwa kama mshororo uliopungua mizani. Sikio lilibaki likingoja silabi isiyokuja. Vilema vya wanyama humpwaya binadamu, maana miguu minne si miwili. Huu haukumpwaya. Ulimkaa kama kiatu kilichokwisha kuvaliwa na mtu.

Mjane alikuwa kwenye benchi, uso ameuelekeza dirishani. Bila kugeuka akasema, kwa sauti ya kila siku, "Umechelewa leo, baba watoto."

Ndipo akageuka. Wote wawili wakabaki wametazamana, na ndani ya chumba maji ya tangi yakawa yanasikika.

Mumewe, mjane alieleza, alikuwa fundi viatu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi, akaupigilia soli nene kwa mkono wake mwenyewe. Kile kituo kilikuwa cha kungoja maumivu yapite.

Jioni ile Bi Viungo alivua viatu barazani, akaingia kwa mwendo wake wa kuzaliwa nao. Mama yake akainua kichwa.

"Mwanangu, mkaribishe mgeni wako."

"Mgeni gani, mama?"

"Huyo mwanamume. Kasimama mlangoni anapumzisha mguu."

Matibabu yakaanza. Ndani ya maji Karani aliukanyaga mguu sawasawa, lakini kila aliporudishwa kutoka nyumbani, kilema kilikuwa kimezidi. Na kila jioni mama mtu aliuliza kwa nini mgeni haketi. Hatimaye Bi Viungo akamkalisha mjane na kumuuliza nyumbani kunatendeka nini.

"Namtembeza sebuleni, nafumba macho," alisema mjane. "Ukimnyoosha huyu, mimi nibaki na nani?"

"Utabaki na mbwa, dada yangu. Usiponiachia, hata mbwa hutabaki naye."

Mjane akazikunja ncha za mtandio wake, akazikunjua. Mumewe, alisema, alifia kibandani kwake, sindano na uzi mkononi, hakuna aliyemsindikiza. Akaomba Bi Viungo autembee mwendo ule mara moja tu, mpaka mlango wa nje.

Bi Viungo akautembea. Hatua, buruta, kituo. Nyuma yake mjane, na nyuma ya mjane kucha za Karani juu ya sakafu. Mlango ukafunguliwa. Kizingitini akatua, akasikia mjane akisema polepole, "Nenda salama, baba watoto," na papo hapo mguu wake ukawa mwepesi, kama mtu aliyetuliwa kikapu kichwani.

Barabara ilikuwa tupu. Karani aliitazama hata hivyo, kichwa kikigeuka kidogokidogo, kama anayemfuata kwa macho mtu anayetokomea. Kisha akarudi ndani, akaenda kusimama kando ya tangi. Nyayo zake zilisikika zote nne.

Misuli yake ilichukua muda kurudi, maana misuli haina haraka. Mjane hakukosa kumleta, na nyumbani hakufumba macho tena.

Lakini siku ile ya mlango Bi Viungo aliporudi kwao, mama yake alitega sikio kwa muda mrefu.

"Leo umekuja peke yako," akasema, na akakirudisha mahali pake kiti kitupu alichokuwa amemvutia mgeni. "Nilishaanza kumzoea."