Ndoo Iliyotoka kwa Mafundi

Tangu mumewe Ame afariki, Mwanawema wa Gando alikuwa akifanya kila kitu peke yake, na mgongo ulishaanza kumkataa. Maji ya mfereji yakitoka leo, hukatika siku tatu, kwa hiyo ndani mwake kila kitu kilikaa kwenye ndoo: maji, mchele, unga, hata chumvi.

Ndoo alizipata kwa Muntasir, mwoka mikate wa Wete. Zilikuja na siagi imeganda pembeni. Mwanawema alizikwangua, akazisugua kwa kumbi la nazi na jivu, akazimwagia maji ya moto yenye sabuni, kisha akazianika juani siku mbili, wazi, mpaka harufu iishe. Ndoo ambayo hakujua ilibeba nini hakuitia chakula.

Ilipokaribia hitima ya mwaka ya Ame, kisomo cha kumwombea, aliosha ndoo kumi na moja. Saada, dada wa marehemu, akaleta moja zaidi, nyeupe, safi, akaipanga pamoja na zile nyingine jikoni. Mwanawema aliiona. Siku nyingine angeuliza. Siku ile alikuwa na mchele wa kuchambua na nazi arobaini za kukuna, akanyamaza.

Alasiri alitengeneza ukwaju wa kunywa, akaujaza ndoo tatu. Moja ilifurika kidogo, akaipunguza na kujazia zile mbili.

Asubuhi ya hitima alipofungua kifuniko cha ile ndoo nyeupe, pua ilikataa. Akainama tena, akanusa.

"Wifi, ndoo hii umeitoa wapi?"

"Kwa mafundi wanaopaka rangi lile jengo la barabarani," alisema Saada. "Lakini nimeiosha mara tatu, Bi Mwanawema. Mwanzo kwa mafuta ya taa, rangi yote ikatoka."

Mwanawema akakaa kitako palepale, kwenye sakafu.

"Rangi imetoka, naona. Lakini plastiki inakunywa rangi na mafuta, wifi. Na ukwaju ni mkali, umeivuta yote."

"Basi tumwage hii moja."

"Jana nimeichanganya na zile mbili."

Saada alitazama ndoo tatu, kisha akamtazama yeye. "Tutie iliki. Sukari kidogo. Nani atajua?"

"Watoto wa chuo cha Kurani ndio watakaokunywa," alisema Mwanawema. Hakupandisha sauti. Hakuwa na nguvu ya kuipandisha.

Wakazibeba moja moja mpaka shimoni nyuma ya choo, wakamwaga. Ukwaju wa gunia zima lililotoka kijiji cha Shumba ulizama mchangani. Njiani Saada alianza kulia, na Mwanawema hakumbembeleza, maana na yeye machozi yalikuwa karibu.

Kisomo kilipokwisha, watu walikula pilau na kushushia maji matupu. Upande wa wanawake, jirani mmoja, Tamima, aligeuza gilasi yake mkononi.

"Mwaka mzima wa kujitayarisha, Bi Mwanawema, hata ukwaju umeshindikana?"

"Umeharibika," alijibu Mwanawema, akaendelea kukusanya sahani.

"Umeharibikaje? Au haukupikwa?"

"Nimeuharibu mie," alisema Saada. Wanawake wote wakageuka. "Nimeleta ndoo ya rangi nikaichanganya na zake. Yeye ndiye aliyetukinga, la sivyo sote tungekunywa rangi hapa. Hitima ya kaka yangu mwenyewe."

Tamima aliweka gilasi chini. Akainuka akaanza kukunja mikeka.

Watu walipotawanyika, Saada alichukua kisu akaitoboa ile ndoo chini, matundu mengi, isije ikarudi jikoni. Akasema ataitia udongo, apande mchaichai nyumbani kwake.

Mwanawema alikuwa amejilaza ubavu kwenye mkeka, viatu mguuni. Masufuria yalikuwa yamerundikana mlangoni, machafu yote.

"Niamshe laasiri ikiadhiniwa," alisema. "Nije nioshe."

Saada aliitikia. Adhana ilipolia aliingia ndani taratibu, akachukua jivu na kumbi, akarudi nje bila kumwamsha.